"Karibi nimeshaiona": dhana potofu za wasafiri wanaorudi kwenye meli

Mteja akinipigia simu kutaka safari ya pili au ya tatu ya meli ya kitalii kule Karibi, mazungumzo huanza karibu kila mara hivi: "Visiwa nimeshaviona, wewe nitafutie tu meli nzuri." Wengi wao ni Wakenya na Watanzania wanaoishi Texas, Minnesota au Toronto. Wana likizo ya wiki moja na pesa waliyoidunduliza mwaka mzima, na ndiyo maana kauli hiyo inanichosha. Anayeanza kwa kuchagua meli hurudishwa bandari zilezile za Nassau na Cozumel alikokwenda mara ya kwanza, kisha anakuja kuwaambia wenzake kwamba Karibi ni ileile.

Dhana: "Visiwa vya Karibi vinafanana. Ukiona kimoja umeviona vyote."

Hii ndiyo inayowapotezea watu pesa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mtu wa pwani ukimwambia Lamu, Pemba na Mafia ni kitu kimoja atakukatalia papo hapo. Na Karibi ni kubwa zaidi ya hapo. Kutoka Cozumel, Mexico, hadi Barbados ni karibu kilomita 3,000, na njiani utasikia Kihispania, Kiingereza, Kifaransa, Kiholanzi na Krioli za kila namna, pamoja na Kipapiamento cha Aruba, Bonaire na Curaçao. Ardhi nayo haifanani. Aruba iko chini ya kilomita 30 kutoka pwani ya Venezuela. Ni kavu, imejaa kaktasi na miti iliyopindishwa na upepo upande mmoja. Grand Cayman ni tambarare ya chokaa isiyo na mto hata mmoja. Dominica ni milima ya volkano na msitu wa mvua, na ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, ambayo UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, kuna ziwa linalotokota kama sufuria kwa joto la chini ya ardhi.

Kinachofanana ni zile mita mia chache za mwanzo kutoka gatini: maduka yaleyale ya vito, fulana zilezile, baa zilezile. Aliyeishia hapo ameona gati tu.

Chukua Martinique. Ukibaki Fort-de-France, mji mkuu, utanunua mkate wa Kifaransa na kurudi melini. Lakini mwendo wa kama saa moja kwa gari unakufikisha Saint-Pierre. Tarehe 8 Mei 1902 volkano ya Mont Pelée iliuteketeza mji huo kwa dakika chache na kuua watu wapatao 28,000. Ngazi za jumba la maigizo bado zipo, zinapanda kuelekea ukumbi usio na paa wala sakafu. Pembeni, chini kidogo, kuna selo ya mawe yenye kuta nene ambamo mfungwa mmoja alinusurika. Ingia ndani usimame dakika mbili, kisha geuka uutazame mlima wenyewe. Hakuna mteja wangu aliyefika pale akarudi kuniambia kwamba visiwa vinafanana.

Au Curaçao. Meli kubwa hufunga upande wa Otrobanda, na zile nyumba za rangi za mtaa wa Handelskade ziko ng'ambo, upande wa mji uitwao Punda. Katikati ni daraja la Queen Emma, la tangu 1888, linaloelea juu ya maboya na kufunguka zima kwa kuzungushwa na injini iliyo kwenye ncha yake moja ili kupisha vyombo. Linapofunguka hupandishwa bendera: ya rangi ya chungwa maana yake ni kungoja kidogo, ya buluu maana yake litakaa wazi muda mrefu. Ukiona ya buluu na saa ya kurudi melini imekaribia, usisimame pale kusubiri, nenda ukapande kivuko. Ni cha bure.

Grenada nayo bendera yake ina kungumanga. Mzanzibari akiingia kwenye kiwanda cha Gouyave, akasikia harufu ya kungumanga na basibasi inayokaushwa, hahitaji kuelezwa yuko wapi. Kimbunga Ivan cha 2004 kiliangusha sehemu kubwa ya mikungumanga ya kisiwa hicho, na mti huo huchukua miaka sita hadi minane kuanza kuzaa. Waulize wakulima wenyewe, watakusimulia.

Sasa, kwa nini wengi hawafiki huko? Kwa sababu ya mahali wanapopandia meli. Kutoka Miami hadi San Juan, Puerto Rico, ni karibu maili 1,000 za baharini. Meli inayokwenda kwa kasi ya noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, hutumia siku mbili nzima kufika, na mbili nyingine kurudi. Katika safari ya usiku saba hesabu hiyo haikuachii nafasi ya kwenda Grenada na kurudi, hata meli iwe ya kifahari namna gani. Ndiyo maana safari za wiki moja kutoka Florida na Galveston, Texas, huzunguka palepale: Bahamas, Cozumel, Grand Cayman, Jamaica, Puerto Plata, St. Thomas, St. Maarten.

Ushauri wangu kwa anayerudi haujabadilika miaka yote: panda ndege ukaanzie San Juan au Bridgetown, Barbados. San Juan, kwa anayeishi Marekani, ni safari ya ndani ya nchi. Kutoka hapo visiwa vya kusini viko karibu kiasi kwamba meli hulala ikitembea na kukuamshia kisiwa kipya asubuhi, na wiki moja inaweza kukupa visiwa vitano. Kwa wanaoishi Uingereza, P&O Cruises huanzishia safari zake nyingi za majira ya baridi Barbados, nauli ya ndege ikiwa imo ndani ya bei. Asiyetaka ndege kabisa atafute safari ya usiku 10 au 11 kutoka Fort Lauderdale. Holland America na Princess wanazo.

Halafu soma saa, acha kusoma majina ya bandari peke yake. Kutia nanga saa nane mchana na kuondoka saa mbili usiku kunatosha kwa chakula mjini, hakutoshi kupanda mlima Dominica. Angalia pia meli ngapi zitakuwa bandarini siku hiyo. Kalenda za bandari ziko wazi mtandaoni na kila mtu anaweza kuzisoma. Bandari ndogo yenye meli moja na bandari hiyohiyo yenye meli nne ni siku mbili tofauti kabisa. Hili nalirudia kwa kila mteja, na bado wengi huniletea ratiba waliyoilipia kianzio bila kutazama safu ya saa.

Dhana: "Meli kubwa na mpya ndiyo bora."

Kwa familia yenye watoto wa kati ya miaka 6 na 15, mara nyingi ndiyo, na sitabishana. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Mtoto hatachoka humo. Ila ukubwa huchagua njia. Meli za daraja hilo zinahitaji gati refu na kina cha kutosha. Grand Cayman haina gati la meli za kitalii, abiria hushushwa kwa mashua, na katika kura ya maoni ya Aprili 2025 wananchi walikataa lijengwe. Kwa hiyo anayenunua meli kubwa kuliko zote ananunua pia orodha fupi ya bandari.

Upande wa pili kuna Royal Clipper, merikebu ya milingoti mitano yenye abiria wasiozidi 230, na meli ndogo za Windstar. Hizo huingia sehemu kama Bequia na Îles des Saintes, ambako hakuna gati la meli kubwa wala foleni. Bei yake kwa usiku ni ya juu. Wanandoa waliokwisha kuona mitelezo ya maji na maonyesho ya kuteleza kwenye barafu wazifikirie kwa dhati.

Dhana: "Kisiwa binafsi cha kampuni ni bandari kama nyingine."

Ni ufukwe wa kampuni, basi. CocoCay, Ocean Cay, Great Stirrup Cay, Castaway Cay na Celebration Key ya Carnival iliyofunguliwa Julai 2025, zote ziko Bahamas. Ni safi, ni salama, watoto wanapapenda. Lakini ratiba ya wiki yenye vituo vinne, viwili vikiwa vya kampuni, ni ratiba ya bandari mbili. Labadee ya Royal Caribbean nayo iko Haiti, na tangu 2024 kampuni hiyo imesitisha kwenda huko zaidi ya mara moja kwa sababu za usalama. Usiichague safari kwa ajili yake.

Dhana: "Siwezi kubadili kampuni, nitapoteza pointi zangu."

Hapa hesabu ifanywe kwa kalamu. Royal Caribbean humtuza msafiri wake pointi moja kwa usiku, mbili ukilala kwenye chumba cha daraja la juu, na pointi zikijumlishwa humpandisha ngazi. Ngazi ya Diamond ni pointi 80, na kinachoonekana zaidi hapo ni vinywaji vinne vya bure kwa siku. Aliyefika 70 amalizie, namuunga mkono. Mwenye 14 anayekataa njia nzuri ya kusini kwa sababu ya pointi anajinyima bure. MSC hukutambulia ngazi uliyofikia kwenye kampuni nyingine, na Royal Caribbean na Celebrity hutambuliana, maana mmiliki wao ni mmoja. Carnival nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Juni 2026 mpango wake utahesabu pesa unazotumia, na ngazi utakayoipata itadumu kwa miaka miwili. Anayedhani pointi ni mali ya maisha alisome tangazo hilo vizuri.

Na ukitaka kweli kubadilisha, jua nani ni wa nani. Carnival, Princess, Holland America, Costa na Cunard ziko chini ya mwamvuli mmoja. Norwegian, Oceania na Regent chini ya mwingine.

Dhana: "Msimu wa vimbunga, kusini hakuna shida."

Msimu ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, hilo ni kweli. Lakini "kusini" ya vipeperushi ni pana. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, kikavunja karibu kila paa. Meli yenyewe hukwepa dhoruba, hilo lisikutishe. Kitakachobadilika ni njia. Mkataba unairuhusu kampuni kuruka bandari na kukurudishia ushuru wake tu. Safari ya Septemba ni ya mtu asiyejali atashukia wapi, aliyekata bima, na aliyefika mji wa kupandia meli siku moja kabla.

Dhana: "Nitapandia Miami, nishukie Galveston."

Sheria ya Marekani ya 1886 inazizuia meli zenye bendera za kigeni, yaani karibu zote unazoziona, kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine bila kupitia bandari ya mbali ya nchi nyingine, na visiwa vingi vya Karibi havihesabiwi kuwa mbali. Aruba, Bonaire na Curaçao huhesabiwa, na Puerto Rico ina msamaha wake. Usijaribu kupanga kushuka katikati bila kibali cha kampuni, faini italetwa kwako.

Dhana: "Safari ikianza na kuishia Florida, pasipoti haina kazi."

Ruhusa ya kusafiri na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho ni ya raia wa Marekani. Mwenye kadi ya ukaazi wa Marekani abebe kadi yake pamoja na pasipoti ya nchi yake. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Toronto anahitaji viza ya Marekani hata kama Miami anapita tu kwenda gatini, tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli hutoka nje ya nchi na kurudi. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa lakini ziko nje ya eneo la Schengen, hivyo usitegemee viza ya Schengen uliyo nayo. Kabla ya kulipa kianzio, iombe kampuni ya meli orodha ya masharti ya kila bandari kwa uraia wako, kwa maandishi, na uibebe siku ya kupanda.