Mita 500 si uzio

Jumapili iliyopita, kwenye kundi la familia, ami yangu alituma picha ya vinu vya upepo vimesimama baharini, na chini yake ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Ukiondoa salamu na kikohozi, kiini chake kilikuwa hiki: "Mwanangu, hao si wameshapewa kibali? Bahari imefungwa, mita mia tano hapiti mtu. Sasa wewe unalipwa kufanya nini?"

Ami alikuwa nahodha wa jahazi kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilimjibu kwa adabu. Ila siku nne kabla yake, mhandisi mmoja mwenye digrii mbili alikuwa ameniambia maneno yaleyale mkutanoni, tena kwa uhakika zaidi. Huyo sikumjibu kwa adabu sana. Naandika hapa ili safari ijayo nitume kiungo tu, ninyamaze.

Mimi huandika tathmini za hatari za usafiri wa meli, zile NRA, kwa mashamba ya upepo ya Uingereza, yaani makundi ya vinu vya kuzalisha umeme baharini. Kabla ya hapo nilikuwa ofisa wa pili kwenye meli za makontena, kwa hiyo rada nimeitazama pia usiku wa manane nikiwa na usingizi machoni.

Hizo mita 500 zinatoka ibara ya 60 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari. Nchi inaweza kuweka eneo la usalama kuzunguka muundo uliojengwa baharini, na eneo hilo kwa kawaida lisizidi mita 500. Inaweza. Hakuna palipoandikwa kwamba ni lazima. Uingereza ililiingiza jambo hili katika Sheria ya Nishati ya 2004, na hapo ndipo kila mtu anapopotea, maana eneo la usalama haliji limefungashwa pamoja na kibali cha shamba. Huombwa peke yake, kwa sababu zake, na hufuata kazi inayofanyika. Meli ya ujenzi ikiwa kazini kwenye kinu fulani, kinu hicho kinazungukwa na mita 500. Meli ikiondoka na kinu bado hakijakamilika, mduara unashuka hadi mita 50. Yakija matengenezo makubwa, zinarudi 500. Na siku shamba linapozalisha umeme kama kawaida, mara nyingi hakuna mduara wowote. Hakuna! Unaweza kukata katikati ya vinu na mashua yako huku unakunywa chai, na walinzi wa pwani hawatakufukuza.

Mhandisi wangu aliposikia hivyo aliruka: "Mbona Ubelgiji wamefunga?" Ndiyo, Ubelgiji wamefunga. Uholanzi mwaka 2018 ilifungua baadhi ya mashamba kwa vyombo visivyozidi mita 24, tena mchana tu. Bahari ni ileile moja, nchi ni tatu, na kila moja ina jibu lake. Mtu akikuambia "Ulaya wanafanya hivi", muulize Ulaya ipi.

Kisha linakuja lile linaloniudhi kuliko yote: "Si bora wafunge tu, iwe salama?" Haya, tufunge. Aprili 2023 meli ya mizigo Petra L iligonga kinu katika shamba la Gode Wind 1, upande wa Ujerumani, ambako meli za biashara haziruhusiwi kuingia. Ilifika Emden ikiwa na tundu ubavuni ambalo gari dogo lingepita. Marufuku ilikuwepo kwenye chati, nayo meli ikapita juu yake, kwa sababu marufuku ni wino. Nahodha anayejua alipo hakuhitaji kukatazwa kukikaribia chuma kilichosimama majini, na asiyejua alipo hatasaidiwa na mstari wa nukta.

Au mchukue Julietta D. Tarehe 31 Januari 2022, dhoruba, meli imetia nanga nje ya IJmuiden, nanga ikashindwa kushika. Ikagongana na meli ya mafuta iliyokuwa jirani, maji yakaanza kuingia, mabaharia wote 18 wakaondolewa kwa helikopta. Meli tupu ikaendelea kusukumwa na upepo hadi ndani ya shamba la Hollandse Kust Zuid lililokuwa likijengwa, ikagonga msingi wa kinu. Hapo usalama ungeletwa na kitu gani? Tagi, ile meli ya kuvuta nyingine, iliyo karibu. Na swali la nyuma zaidi: nani aliamua umbali kati ya vinu na mahali meli zinapotia nanga?

Hilo ndilo swali la kibali, na hapa naomba lugha iwe safi kidogo. Watu husema "MCA wameidhinisha". MCA, yaani wakala wa Uingereza wa bahari na walinzi wa pwani, hawatoi kibali cha shamba. Wanashauri, wanapinga, wanadai marekebisho, na waraka wao MGN 654 wa 2021 ndio msahafu wetu. Trinity House nao husimamia taa na maboya. Kwa mashamba makubwa ya England yenyewe, anayetia saini ni Waziri wa nishati, baada ya wakaguzi wa mipango kusikiliza kila upande. Na baada ya saini hiyo masharti ndiyo kwanza yanaanza kukaguliwa: mpangilio wa mwisho wa vinu, mpango wa taa, mpango wa ushirikiano wakati wa dharura, kila kimoja kinaidhinishwa kwa maandishi, la sivyo hakuna nguzo inayopigiliwa. Ndiyo sababu kazi haijaisha, ami.

Na msidhani saini ni lazima ije. Juni 2020 Waziri alikataa upanuzi wa shamba la Thanet, pwani ya Kent, na sababu kubwa ilikuwa usalama wa meli. Vinu vingebana njia ya ndani kuelekea Thames, mahali ambapo marubani wa bandari hupanda na kushuka meli zikiwa mwendoni, kwa ngazi ya kamba, bahari ikiwa vyovyote itakavyokuwa. Kampuni ilikubali hata kuacha sehemu ya eneo bila vinu. Haikutosha. Tathmini yake ilisema hatari inavumilika, bandari na MCA hawakukubali. Mkisikia "hizi tathmini ni mhuri tu", kumbukeni Thanet.

Mpangilio nitaupitia haraka, ingawa unachukua nusu ya barua pepe zangu. Wenye kampuni wanapenda vinu vitawanyike ili kimoja kisimkingie mwenzake upepo. MCA wanataka mistari, kwa kawaida ile inayonyooka kwa pande mbili, ili mwenye mashua aone njia mbele yake na helikopta ya uokoaji iingie mawingu yakiwa chini. Mimi niko upande wa MCA, na wanaonilipa wanalijua hilo.

Sasa niseme yale ambayo ripoti zetu huyasema kwa sauti ya chini. Tunaanza na takwimu za AIS, kile chombo cha redio kinachotangaza meli ni ipi na iko wapi, na ramani inatoka nzuri, mistari ya rangi kama mkeka. Lakini mashua ya uvuvi iliyo chini ya mita 15 hailazimiki kubeba AIS. Ndiyo maana MGN 654 inadai uchunguzi wa siku zisizopungua 28, wa kiangazi na wa baridi, pamoja na rada na macho ya binadamu. Siku 28 kati ya 365. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha kutaja hatari, chati imetandazwa mezani, mvuvi mmoja akaweka kikombe chake cha chai juu ya sehemu ambayo ramani yetu ilionyesha nyeupe kabisa. "Hapa ndipo ninapogeukia nikivuta nyavu," akasema. Kikombe kilipoondolewa kiliacha duara la kahawia kwenye chati. Tukabishana dakika arobaini, kisha tukapandisha alama ya hatari kutoka 2 hadi 3. Katika ripoti, 3 hiyo imekaa safuni na wenzake, imepigwa pasi, kana kwamba imetoka maabara.

Na ule mfano wa kompyuta unaokadiria mgongano mmoja kila baada ya miaka kadhaa unadhani kwamba meli zitahama kwa utaratibu kuelekea njia mpya mara vinu vikisimama. Huenda. Naamini mfano huo unaweza kulinganisha mpangilio A na mpangilio B. Nikiulizwa kama ile namba yenyewe ni ya kweli, nakohoa kama ami. Neno ALARP nalo, kwamba hatari imeshushwa hadi pale inapowezekana kwa busara: busara ya nani? Ya mwenye kulipia boya la ziada, au ya rubani anayening'inia kwenye ngazi?

Ami amenisoma hadi hapa, maana nilimtumia rasimu jana. Hakugusa Thanet wala Julietta D. Amekwama kwenye jambo moja nililomtajia kwa simu, kwamba ncha ya chini ya panga la kinu lazima iwe angalau mita 22 juu ya maji. Maji yapi, akauliza, kujaa au kupwa? Maji kujaa ya bamvua, kwa wastani. Akanyamaza kidogo. "Na foromali ikiwa juu?" Nikamwambia anipe urefu wa mti huo wa tanga kutoka majini, nitampigia hesabu. Asubuhi hii ametuma ujumbe mmoja tu: anatafuta kamba ya kupimia.