Nakshi: neno linalohitaji patasi

Neno "nakshi" tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana ya kutia rangi na pia ya kuchonga. Kwa Waswahili wa pwani neno hilo liliegemea zaidi upande wa kuchonga, na mlango wa nakshi, kwa fundi wa Lamu au Unguja, ni ule ambao miimo yake, kizingiti chake cha juu na mfaa unaosimama kati ya mbao mbili vimekatwa kwa patasi mpaka maua, minyororo na mawimbi yakainuka juu ya uso wa ubao.

Hapo ndipo nakshi inapotengana na uchongaji wa kawaida. Anayechonga mwiko, mtumbwi au kinyago anakipa kitu umbo lake, lakini anayetia nakshi hukuta umbo limekwisha kuwapo, naye hushughulikia uso wake tu. Kitenzi "chora" nacho kinachanganya wengi, kwa sababu shuleni tumekizoea kwa kalamu na karatasi, ilhali mafundi wa milango husema wanachora ubao wakiwa wameshika patasi na nyundo, na matumizi hayo ni sahihi kabisa.

Wala nakshi haikomei kwenye mbao. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yaliyokatwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia; na katika nyumba za kale za Lamu, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zimepambwa kwa nakshi zilizokatwa kwenye chokaa.

Kisarufi, nakshi ni nomino ya ngeli ya I-ZI: nakshi hii imefifia, nakshi hizi zimefifia. Tunasema kutia nakshi, kukata nakshi, au kwa kitenzi, kunakshi na kunakshiwa. Nguo iliyofumwa maua kwa uzi huitwa pia ya nakshi, ingawa "tarizi" ni neno mahususi zaidi. Ninachokikataa ni kuita nakshi ukuta uliopakwa rangi mbili au karatasi iliyochapwa maua, kwa kuwa tuna neno pana la "mapambo" linalotosha hapo. Ukipitisha kidole juu ya nakshi, kidole kinapaswa kupanda na kushuka.