Panya wa Flinders na pumzi ya mkulima

Nikifundisha famakolojia, yaani elimu ya dawa, hapa Kampala, wanafunzi wakisikia pumu wanakimbilia mzio. Mzio upo, lakini mimi nawaanzishia na panya wa Flinders.

Katika Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, David Overstreet na wenzake walitaka kupata panya wenye kustahimili sumu za jamii ya organofosfeti, kemikali zinazotumika pia kuua wadudu wa mimea. Waliwapa panya sumu hiyo, wakapima joto la mwili, uzito na kiasi cha maji wanachokunywa. Walioathirika sana wakazalishwa wao kwa wao, walioathirika kidogo vivyo hivyo. Ukoo sugu haukutofautiana sana na panya wa kawaida. Ukoo dhaifu ndio uliozidi kuwa dhaifu, kizazi baada ya kizazi.

Kinachonivutia ni kwamba hakuna aliyewachagua kwa ajili ya mapafu. Hata hivyo, misuli laini ya njia zao za hewa hujikaza kuliko ya ndugu zao sugu. Neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi mapafuni, humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka ujumbe, nayo hugusa vipokezi vyake kwenye msuli, viitwavyo M3, kalsiamu inapanda ndani ya seli, msuli unabana. Nusu kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Ndiyo maana mkazo mdogo tu unamtosha mgonjwa kuhema.

Kuna njia nyingine ya kufika hapohapo. Kati ya koo mbili nyingine za panya wa maabara, njia za hewa za panya wa Fischer hubana kuliko za panya wa Lewis, na hao wa Fischer wana msuli mwingi zaidi. Kwa hiyo nikiona njia ya hewa imebana, nauliza kwanza: tatizo ni wingi wa msuli, au ni ujumbe unaoufikia? Tahadhari moja: msuli wa panya hauijali sana histamini, kemikali ya mzio, ilhali wa binadamu unaijali sana.

Suala hili linanigusa kwa sababu ya wakulima wetu wanaopulizia nyanya dawa za wadudu bila kinga. Organofosfeti huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, basi ujumbe haukatiki: kifua kinabana, makohozi yanafurika. Salbutamoli, dawa ya kawaida ya pumu, hulegeza msuli, ila haikaushi majimaji hayo wala kuzuia vipokezi vya asetilikolini. Hapo panahitajika atropini, dawa inayozuia vipokezi hivyo, na dozi huongezwa mpaka kifua kikauke na pumzi ipite vizuri. Mboni za macho zisikudanganye: atropini inaweza kuzipanua huku mapafu bado yamejaa majimaji.