Je, wajua kwa nini mvutaji sigara wa miaka 90 hathibitishi lolote?

Katika filamu ya Kimarekani iitwayo Lucky, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 2017, mzee wa miaka 90 anayeishi peke yake katika mji mdogo wa jangwani anaanguka nyumbani kwake asubuhi moja, akiwa amekodolea macho tarakimu zinazowakawaka kwenye mashine yake ya kahawa. Baadaye anaketi mbele ya daktari akisubiri kutajiwa ugonjwa. Daktari hana ugonjwa wa kumtajia. Anachomwambia ni kwamba amezeeka na anaendelea kuzeeka, na kuhusu sigara, ambazo mzee huyu huanza kuzivuta tangu anapoamka, anaongeza kwamba angeweza kumshauri aache, lakini kwa hapo alipofika huenda kuacha kukamdhuru kuliko kumfaa.

Mtazamaji hucheka, kisha hubaki na swali: ikiwa sigara huua, mzee huyu amefikaje hapo? Swali linazidi kuwa na uzito mtu anapojua kwamba mwigizaji mwenyewe, Harry Dean Stanton, alikuwa mvutaji wa miaka mingi hata nje ya filamu, na kwamba alifariki tarehe 15 Septemba 2017 akiwa na miaka 91, wiki mbili tu kabla filamu haijaingia katika majumba ya sinema ya Marekani.

Kuhusu filamu yenyewe yatosha kusema machache. Ni kazi ya kwanza ya uongozaji ya John Carroll Lynch, ambaye kabla ya hapo alifahamika kama mwigizaji, na iliandikwa na Logan Sparks na Drago Sumonja mahususi kwa ajili ya Stanton, mzaliwa wa Kentucky mwaka 1926 aliyekuwa mpishi katika jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na ambaye wapenzi wa sinema humkumbuka zaidi kwa Paris, Texas ya mwaka 1984. Hakuna mikasa mikubwa ndani yake. Lucky hujinyoosha viungo asubuhi, hunywa maziwa baridi, hujaza chemshabongo katika mkahawa uleule, na jioni huenda baa ileile kubishana na watu walewale, huku akianza kuelewa, bila Mungu wa kumtegemea wala watoto wa kumzika, kwamba atakufa. Ni filamu ya hofu, na pia ya ucheshi, na haikukusudia kufundisha afya. Ila sigara imo karibu kila mahali, hata katika onyesho lenye uzito kuliko yote, pale Lucky anapozozana na mwenye baa anayemkataza kuvuta ndani, akawaambia waliokuwepo kwamba kila kitu kitaondoka na kuwa si kitu, kisha akaiwasha.

Jibu ambalo wengi hulifikia haraka ni mojawapo kati ya mawili. La kwanza ni kwamba madhara ya sigara yametiwa chumvi, na ushahidi ni babu fulani, kwa kuwa kila mtaa una babu yake aliyevuta tangu ujana akazikwa na miaka 90 na ushee. La pili lina sura ya kitaalamu zaidi: kwamba mwili uliovuta kwa miaka 70 umeuzoea moshi, kiasi kwamba sasa unauhitaji, na kuuondoa ghafla ni kama kumwondolea mzee fimbo. Majibu yote mawili si sahihi, na inafaa kuyachukua moja baada ya jingine, kwa sababu la kwanza hukosea kwa namna ya ajabu: kila sehemu ya ushahidi wake ni ya kweli.

Mtu anapopepeta mchele uliotoka kinuni, huurusha juu, upepo ukachukua makapi, na punje nzito zikarudi kwenye ungo. Tuseme mgeni anaingia uani kazi ikiwa karibu kwisha na upepo ungali unavuma. Anatazama ungo, anaona punje zimetulia, anahitimisha kwamba upepo huu hauna nguvu ya kupeperusha chochote. Hajadanganywa na macho yake: punje zipo, upepo upo, na punje haziruki. Lakini ushahidi wa nguvu ya upepo umelala upande wa pili wa ua, na hakuna aliyemwambia akatazame huko. Tena punje anazoziona haziwakilishi zile zilizomwagwa ungoni mwanzoni, kwa kuwa zimechaguliwa na upepo uleule anaoudharau. Kadiri kupepeta kunavyoendelea, ndivyo ungo unavyobakiwa na punje nzito tu, na ndivyo upepo unavyoonekana dhaifu, ingawa nguvu yake haijapungua hata kidogo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa babu wa mtaani. Tunakutana naye kwa sababu yupo. Wenzake waliovuta naye wakiwa na miaka 25 hawaketi kibarazani kutusimulia jinsi sigara ilivyowamaliza wakiwa na miaka 58, na watoto wao, wakiulizwa, hutaja moyo, kifua au kiharusi bila kutaja tumbaku. Kwa hiyo sampuli yetu ya wavutaji wazee ina sharti moja lililojificha, kwamba anayeingia humo lazima awe hai, na sharti hilo ndilo lile tunalotaka kulipima.

Dawa ya kosa hili ni kuhesabu watu tangu mwanzo, kabla upepo haujavuma, kisha kuwafuata wote. Mwaka 1951 watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwatumia madaktari wa nchi hiyo dodoso fupi kuhusu uvutaji wao, na madaktari wanaume 34,439 waliojibu walifuatiliwa kwa miaka 50. Ripoti ya mwisho, iliyotoka mwaka 2004, ilionyesha kwamba wavutaji waliishi kwa wastani pungufu ya wasiovuta kwa takriban miaka 10. Kwa swali letu, hata hivyo, takwimu tamu zaidi ni ile ya wazee. Kwa viwango vya vifo vya miaka ya 1990, kati ya wavutaji 100 waliofikisha miaka 70, ni 7 tu waliotarajiwa kufika 90. Kwa wasiovuta walikuwa 33.

Hesabu hii inastahili kutazamwa polepole, maana ndani yake babu wa mtaani yumo. Chukua wavutaji 1,000 wenye miaka 70: wazee 70 kati yao watafika miaka 90, na hao wanatosha kabisa kujaza vijiwe vya kahawa vya mji mzima, kila mmoja na sigara yake na hadithi yake. Wale 930 hawana kijiwe. Upande wa pili, wasiovuta 1,000 watatoa wazee 330, lakini hakuna anayemwonyesha mwenzake kidole na kusema, mtazame yule mzee, hajawahi kuvuta na bado anaishi. Mvutaji wa miaka 90 hukumbukwa kwa kuwa ni nadra, kisha, kwa mzunguko wa ajabu, kukumbukwa kwake ndiko kunakomfanya aonekane wa kawaida.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo halisimuliwi sana, nalo linawatetea kidogo wazee wetu waliotuachia imani hii. Kwa viwango vya vifo vya miaka ya 1950, uwezekano wa kutoka miaka 70 hadi 90 ulikuwa asilimia 10 kwa wavutaji na asilimia 12 kwa wasiovuta. Tofauti ya namna hiyo hakuna mtu angeiona kwa macho mtaani kwake. Wanaume waliokuwa wazee wakati huo walizaliwa karibu na miaka ya 1870, kabla sigara za kiwandani hazijaenea, hivyo wengi hawakuzivuta kwa wingi tangu ujana. Na wasiovuta nao walikufa mapema kwa maradhi mengine ambayo baadaye yalipata kinga na matibabu. Katika miongo iliyofuata uhai wa wasiovuta uliongezeka sana uzeeni, ilhali wavutaji walibaki nyuma. Aliyesema mwaka 1955 kwamba haoni tofauti kubwa kati ya wazee wavutaji na wasiovuta alikuwa mtazamaji mwaminifu wa mambo ya wakati wake. Shida ni kwamba usemi wake uliendelea kuishi baada ya takwimu zake kufa.

Je, punje nzito ni nzito kwa sababu gani? Hapa ushahidi unapungua, na ni vyema kwenda kwa tahadhari. Mwaka 2015 Morgan Levine na Eileen Crimmins walichapisha uchunguzi wa jeni za wavutaji walioishi muda mrefu nchini Marekani, wakakuta mkusanyiko wa tofauti za kijenetiki unaohusiana na uhai mrefu, na ambao huenda unausaidia mwili kurekebisha uharibifu na kuhimili misukosuko. Ni matokeo ya kuvutia, lakini wavutaji wazee ni wachache kwa asili, hivyo kila utafiti juu yao hutegemea kundi dogo, na uhusiano haujawa sababu. Kiasi cha sigara, lishe, kazi na bahati tupu vyote vimo. Zaidi ya hayo, hakuna anayeweza kujua akiwa na miaka 20 kama yeye ni punje nzito, kwa kuwa kipimo pekee kinachofahamika ni kupepetwa chenyewe.

Filamu ya Lucky inao mfano wake wa kupepetwa, japo haikuupanga. Katika baa ile, rafiki wa Lucky aitwaye Howard anaomboleza kwa dhati kutoroka kwa kobe wake, President Roosevelt, ambaye anataka kumwachia urithi. Howard aliigizwa na David Lynch, mwongozaji mashuhuri ambaye hana undugu na yule aliyeiongoza filamu hii, naye pia alikuwa mvutaji wa maisha yake karibu yote. Agosti 2024 alieleza hadharani kwamba ana emfisema, ugonjwa unaoharibu vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hadi mtu akatweta kwa hatua chache tu, na kwamba umetokana na uvutaji wake wa muda mrefu. Alikuwa amekwisha kuacha sigara miaka miwili hivi kabla. Alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 78. Wanaume wawili, baa moja, tabia moja. Na anayekumbukwa kila sigara inapotetewa ni mmoja tu.

Linabaki jibu la pili, lile la daktari, nalo lahitaji haki zaidi kuliko la kwanza. Mfano wa ungo unaishia hapa, kwa sababu punje haipungui uzito kwa kupepetwa, ilhali moshi huendelea kumla mvutaji siku kwa siku, hata aliyekwisha kuvuka miaka 80. Mwili hauzoei moshi kwa maana ya kuufanya usiudhuru. Kinachozoea ni ubongo, unaoizoea nikotini, na anayeacha hupata hasira, kukosa usingizi, hamu kubwa ya chakula na pengine huzuni, mambo yanayosumbua kwa wiki kadhaa bila kuwa sumu kwa mwili. Hakuna msingi wa kitabibu wa kusema kwamba mapafu ya mzee yanauhitaji moshi.

Hata hivyo daktari wa kwenye filamu angeweza kujitetea kwa hoja ya muda. Faida za kuacha haziji zote pamoja. Kaboni monoksaidi, gesi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, hupungua ndani ya siku chache. Hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu baada ya mwaka. Hatari ya saratani ya mapafu huchukua takriban miaka 10 kushuka hadi nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Mtu wa miaka 90 anaweza kuzivuna zile za mwanzo, lakini kumwahidi za mwisho ni kumwandikia hundi ya benki ambayo huenda isifunguliwe. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulikadiria kwamba anayeacha akiwa na miaka 65 huongeza wastani wa miaka 1.7 ya maisha, na anayeacha akiwa na miaka 75 huongeza miaka 0.7. Huo ni wastani, nao unaficha kwamba wengi hawapati kitu na wachache hupata miaka mingi. Zaidi ya hapo ushahidi ni haba, kwa sababu ileile iliyotajwa juu: wavutaji wa kuchunguza hawapo wa kutosha.

Kwa hiyo kauli ya daktari ingekuwa sahihi zaidi kama angesema kwamba kuacha hakutamdhuru, ila faida iliyobaki ni ndogo na isiyo na uhakika, na kwamba mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuipima dhidi ya starehe yake ya asubuhi. Hayo yangeharibu utani, na Ed Begley Jr., aliyeigiza daktari huyo kwa uso mkavu, asingekuwa na la kufanya.

Richard Doll naye alikuwa mvutaji. Aliacha akiwa na miaka thelathini na ushee, matokeo yake mwenyewe ya awali yalipoanza kumtisha, na akafariki Julai 2005 akiwa na miaka 92, mmoja zaidi ya Stanton. Wanaopinga sigara wangeweza kuutaja mwaka huo mmoja, ingawa kwa kanuni aliyotumia miaka 50 kuithibitisha, mtu mmoja, hata akiwa yeye, si takwimu.