Kuishi ranchi kama mtunzaji: watu wanavyodhani na hali ilivyo

Kila nilipomwambia mtu kwamba naishi ranchi na kazi yangu ni kuitunza, jibu lilikuwa lile lile: "Umepata. Nyumba ya bure, hewa safi, na ng'ombe wanajilisha wenyewe." Nilifanya kazi hiyo miaka sita na naipenda mpaka leo. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanaiingia kwa dhana zinazokuja kuwaumiza, na wenye mifugo wanaajiri kwa dhana hizo hizo, kisha wanashangaa mtunzaji wa tatu ameondoka kabla mwaka haujaisha. Naandika kwa ajili ya pande zote mbili.

"Ng'ombe wanajilisha wenyewe, wewe unakaa tu"

Kula wanajua, ni kweli. Ila hawajui kuziba bomba, kufungua lango wala kusema wanaumwa. Sehemu kubwa ya kazi ya mtunzaji ni kuona, tena kuona mapema. Anayepita barabarani akakukuta umesimama kwenye nguzo ya uzio ukitazama kundi kwa robo saa nzima atadhani unapoteza muda, kumbe hiyo robo saa ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na maji. Ng'ombe mkubwa hunywa kama lita 30 hadi 50 kwa siku ya kawaida, na anayenyonyesha kwenye joto kali anaweza kupita lita 70. Kundi la ng'ombe 200, hata ukihesabu lita 40 kwa kila mmoja, linataka lita 8,000 kwa siku. Tangi la lita 10,000 linaonekana kubwa mno mpaka pampu isimame Ijumaa jioni.

Mwezi wangu wa kwanza nilipita kwenye birika la kunyweshea la upande wa kusini saa nne asubuhi, nikalikuta limejaa pomoni, maji yametulia kama kioo. Nikaandika kwenye daftari "maji yapo", nikaendelea na safari. Jioni nikapita tena, maji yako vile vile. Hapo ndipo moyo uliponilipuka. Siku ya jua kali, birika la ng'ombe 60 linawezaje kuwa limejaa hadi ukingoni? Tope la pembeni lilikuwa limekauka na kupasuka, na hakukuwa na alama hata moja mpya ya kwato. Upepo wa usiku ulikuwa umesukuma lango likajifunga, na kundi zima lilikuwa limebaki upande wa pili. Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuwa wamebanana langoni, pua kavu, ndama wengine wamelala chini kabisa. Niliwaachia kidogo kidogo, maana wenye kiu hiyo wakitimka pamoja hukanyagana, na ndama akinywa maji mengi kwa mkupuo baada ya kukaa na kiu anaweza kudhurika vibaya. Hatukupoteza hata mmoja, ila nilipolala usiku ule bado nilikuwa nawasikia.

Tangu siku ile nikifika kwenye birika sitazami maji peke yake. Natazama nani amekunywa.

Macho hayo hayo ndiyo yanayohitajika kundini. Kuhesabu vichwa ni lazima, lakini hesabu inaweza kutimia huku mmoja yuko mbioni kufa. Nani amejitenga? Nani amebaki amelala wenzake walipoinuka? Nani hacheui? Ubavu wa kushoto umetuna kuliko jana? Ng'ombe aliyeingia kwenye malisho mabichi ya jamii ya kunde akiwa na njaa anaweza kujaa gesi tumboni na kufa ndani ya saa chache, na dalili ya kwanza ni huo ubavu wa kushoto.

"Ni mlinzi tu, ila amepewa jina zuri"

Wezi wapo, na kuwepo kwa mtu usiku kunasaidia. Lakini ukimwajiri mtu kwa sababu tu ana sauti nzito na tochi kubwa, umeajiri nusu ya mtunzaji. Uzio wa umeme, kwa mfano, hautaki rungu. Unataka mtu wa kuupima kwa kipima volti kila siku, ajue kwamba ukishuka chini ya volti 3,000 hivi ng'ombe wataanza kuudharau, kisha atembee na panga akifyeka majani yanayougusa na kunyonya umeme.

"Unaishi hapo hapo, kwa hiyo uko kazini saa 24. Na nyumba umepewa bure"

Dhana hizi mbili huwa zinatembea pamoja, na hakuna nyingine iliyowavunja watunzaji wengi ninaowajua kama hizi.

Nyumba siyo ya bure. Mwenye ranchi anakuweka pale kwa sababu anakuhitaji pale saa nane usiku, ng'ombe anapotaka kuzaa au moshi unapoonekana ng'ambo ya kilima. Unailipia kwa usingizi wako. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa mishahara. Unakubali sehemu ya ujira ilipwe kwa vitu badala ya fedha, lakini kwa masharti: iwe ni sehemu tu, vitu hivyo vimfae kweli mfanyakazi na familia yake, na thamani inayowekwa iwe ya haki. Nyumba inayovuja, iliyopigiwa hesabu kama ya kifahari ili mshahara ukatwe, haitimizi masharti hayo. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo pamoja na ufugaji, unataka sheria za nchi ziweke viwango vya chini vya makazi kwa wafanyakazi wanaolazimika kuishi pale pale kazini. Kila nchi ina sheria zake, na siyo zote zimeridhia mikataba hii, kwa hiyo ulizia sheria ya pale unapokwenda kufanya kazi kabla hujasaini.

Kuhusu saa za kazi, kuna Mkataba namba 189 wa mwaka 2011. Uliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, lakini una wazo ambalo kila mtunzaji angepaswa kulijua: muda ambao huna uhuru wa kuutumia upendavyo, kwa sababu unasubiri kuitwa, uhesabiwe kuwa ni saa za kazi kwa kiwango ambacho sheria ya nchi imeweka. Unataka pia mapumziko ya wiki yasiyopungua saa 24 mfululizo. Mtu aliyekaa mezani na familia yake huku simu iko mkononi, viatu vya kazi viko mlangoni, na haruhusiwi kutoka ranchi, hayuko mapumzikoni.

Mimi mwaka wa kwanza sikuwa na siku hata moja ya kupumzika, na kosa nusu lilikuwa langu kwa kuwa sikuiomba. Mwenye ranchi alipopiga simu Jumapili nilipokea, nikatoka. Baadaye tulikaa tukaandika karatasi moja: siku yangu ni ipi, nani ananishikia zamu, umeme na gesi ya kupikia analipa nani, wageni wangu wanaruhusiwa vipi, ninaweza kufuga kuku wangu au la, na kazi ikiisha nina siku ngapi za kuhama. Kipengele cha mwisho watu hukisahau. Mfanyakazi mwingine akiachishwa anapoteza kazi. Mtunzaji anapoteza kazi na kitanda siku moja.

"Ng'ombe akizaa, asili inajua yenyewe"

Mara nyingi inajua. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 283 hivi, na wengi huzaa bila kuguswa. Mtunzaji mgeni mwenye haraka ya kumvuta ndama hufanya madhara zaidi kuliko aliyelala. Lakini kuna mpaka wa kusubiri, na ni lazima uujue kabla ya usiku wenyewe kufika. Kwa ng'ombe aliyewahi kuzaa, mfuko wa maji ukishatokeza na anasukuma kwa nguvu, saa nzima ikipita bila maendeleo ni wakati wa kuomba msaada. Mtamba anayezaa mara ya kwanza huchukua muda mrefu zaidi kidogo, ila naye lazima uone hatua.

Mulika tochi uangalie kwato. Zikiwa mbili, nyayo zimeelekea chini, na pua imelala juu yake, ndama amekaa vizuri. Nyayo zikielekea juu, mara nyingi hiyo ni miguu ya nyuma. Ukiona mguu mmoja, au kichwa bila miguu, usijifanye shujaa. Mpigie daktari wa mifugo wakati huo huo.

Akishazaliwa kuna saa nyingine ya kuihesabu. Ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote, na kinga ya mama inamfikia kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Utumbo wake huipokea vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo, kisha mlango huo unazidi kujifunga hadi kwisha kabisa kama saa 24 baada ya kuzaliwa. Ndama wa kilo 30 anahitaji kama lita tatu. Kwa hiyo ukimkuta amesimama na amekauka vizuri, usiridhike mpaka umeona chuchu zimenyonywa.

"Mnyama akifa ghafla, mchinjeni haraka nyama isipotee"

Hapa sibembelezi. Mnyama aliyekufa ghafla bila kuonyesha ugonjwa, hasa akitokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au njia ya haja, asipasuliwe. Inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoua mifugo na watu pia. Hewa ikiingia kwenye mzoga uliofunguliwa, vimelea hutengeneza mbegu zinazoweza kudumu ardhini miongo mingi. Funika mzoga, zuia mbwa, mwite daktari. Vivyo hivyo mimba iliyotoka: usiishike kwa mikono mitupu. Homa ya kutupa mimba humpata binadamu pia, na inaweza kumsumbua kwa miezi.

"Fahali huyu amelelewa na chupa, hana neno"

Fahali aliyekulia mikononi mwa watu, mbali na ng'ombe wenzake, ni wa kuogopa kuliko yule mwenye haya. Mwenye haya anakukimbia. Huyu akipevuka anakuhesabu kama fahali mwenzake, na kwake mchezo na mapambano viko jirani sana. Usimpe mgongo, na usiingie zizini kwake bila kujua utatokea wapi.

Mwingine ni ng'ombe mpole mwenye ndama wa siku moja, hasa ukienda karibu naye ukiwa na mbwa. Akikujia, mwachie mbwa. Mbwa atakimbia na ng'ombe atamfuata yeye.

Na wanaosema kazi hii inataka mwanaume mwenye misuli, nimefanya kazi na mwanamama mfupi aliyekuwa akiwaingiza ng'ombe 100 joshoni, wanakoogeshwa dawa ya kupe, bila fimbo wala kelele. Alijua umbali ambao ng'ombe akikaribiwa huanza kusogea, na alijua kwamba ukisimama nyuma ya bega lake ataenda mbele, ukivuka mbele ya bega atarudi. Sisi wenye misuli tulikuwa tunapiga kelele na kuvunja vyuma.

"Peke yako porini ni amani tupu"

Asubuhi nyingine ni amani kweli. Lakini trekta likipinduka na hakuna anayejua ulikuwa upande gani, ukimya ule ule unakuua. Kila siku kabla ya kutoka nilikuwa namtumia mtu mmoja ujumbe: naenda wapi, narudi saa ngapi. Saa ikipita bila neno langu, yeye anaanza kupiga simu. Nililifanya hilo hata siku nilizoona halina haja.

Nilipoondoka, aliyekuja baada yangu alifika na begi moja na maswali machache. Nilimtembeza siku mbili, nikamkabidhi funguo, kipima volti na daftari. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeuandika upya kwa herufi kubwa: lango la kusini hufungwa na upepo wa usiku, lifunge wazi kwa mnyororo.