Mwembe uliolalia paa: cha kuangalia kabla ya kuwasha chenso

Kuanzia Februari, simu za wenye nyumba wa pwani huwa ni za ombi moja: "Fundi, njoo uukate mwembe kichwa kabla ya masika, umelalia bati." Hofu yao ni ya haki. Mvua za Machi hadi Mei zinalowesha udongo, mizizi inalegea, na kipande cha tawi chenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 2 tu kina uzito wa zaidi ya kilo 100. Hakuna bati la kuuhimili mzigo huo. Ila kuukata mti kichwa ndiko kutakakomletea mwenye nyumba hatari kubwa zaidi miaka michache mbele. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tushuke kwenye shina, kwa sababu uamuzi wa kazi nzima unafanyika chini, chenso, yaani msumeno wa mashine, ikiwa bado imezimwa.

Zunguka mti wote. Mwembe una mzizi mkuu unaokwenda chini, lakini mizizi ya pembeni, ile inayouzuia usipinduke, mingi ipo karibu na uso wa ardhi, ndani ya sentimita 60 hivi. Pima mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha mara 12. Shina lenye mzingo wa sentimita 157 lina kipenyo cha 50, kwa hiyo eneo lake la mizizi la kulindwa ni mita 6 kila upande. Kwenye viwanja vyetu vilivyobanana ni vigumu kupata nafasi hiyo, najua, ila kipimo hicho kinakuonyesha mti umeumizwa kiasi gani. Ukikuta shimo la maji taka limechimbwa mita moja na nusu toka shinani, au msingi wa ukuta umepita hapo, hesabu kwamba upande huo mti hauna kitu cha kuushika. Majani yasikudanganye. Yanaweza kubaki ya kijani misimu kadhaa baada ya mizizi kukatwa.

Kuna mwegamo wa zamani na mwegamo mpya, na tofauti yake ni suala la uhai. Mti ulioinama tangu ukiwa mdogo hujikunja kwenda juu kutafuta wima. Shina lake lina tao, na udongo umetulia. Mwegamo mpya ni shina lililonyooka ambalo limelala lote kwa pamoja, na nyuma yake udongo umeinuka au umepasuka ufa wa nusu duara. Mti wa namna hiyo haupogolewi. Watu wanahamishwa chumba cha upande huo siku hiyohiyo, kisha unaletwa mpango wa kuuangusha.

Angalia pia pale familia inapochomea takataka. Moto wa kila Jumamosi chini ya mwembe unaua gome la upande mmoja bila mtu kujua, kwa sababu gome lililokufa hubaki limeshikilia muda mrefu. Libonyeze kwa kisu. Likitoka kama ganda kavu na chini yake hakuna unyevu, sehemu hiyo imekufa, na kuoza kumeanza au kuko njiani.

Sasa gonga shina kwa nyundo ya mbao, toka chini hadi mkono unapofika. Mti mzima unatoa sauti fupi, ngumu. Wenye pango unatoa mlio wa ngoma. Pango peke yake si hukumu ya kifo: shina linabebwa zaidi na mbao za pembeni, kiini kinachangia kidogo. Kanuni tunayoitumia ni kwamba mbao nzima zinazozunguka pango ziwe na unene wa theluthi moja ya nusu kipenyo. Shina lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 linahitaji ukuta wa sentimita 10 hivi. Chini ya hapo, au pango likiwa na mdomo mpana ubavuni, naanza kuzungumza habari ya kupunguza mti sana au kuuondoa. Uyoga mgumu kama rafu unaotokea kwenye kitako cha shina nauchukulia kwa uzito kuliko pango, maana unaonyesha kwamba kuoza kumefika kwenye mizizi inayoubeba mti. Na tafadhali, msijaze pango kwa sementi. Haiupi mti nguvu, inashikilia maji ndani, na siku ya kukata inaharibu mnyororo.

Mchwa nao hulaumiwa kupita kiasi. Njia zao za udongo juu ya gome mara nyingi zinaelekea kwenye mbao zilizokwisha kufa. Fuata njia hizo, zitakuonyesha kidonda kilipo.

Juu, tazama panda za matawi. Panda yenye umbo la U ina nguvu. Panda iliyobana kama V, yenye gome lililomezwa katikati, haijaungana mbao kwa mbao, na ndipo mti unapopasuka usiku wa upepo.

Tuje kwenye kichwa. Ukikata matawi makuu katikati, popote pale msumeno unapofika, mti unapoteza jiko lake, yaani majani yanayoutengenezea chakula, kwa siku moja. Unajibu kwa kutoa machipukizi mengi chini ya kila mkato. Machipukizi hayo yameota kwenye tabaka la nje tu la mbao, hayakuanzia ndani kama tawi la kawaida. Yanakua kwa kasi, yanakuwa mazito, na chini yake kisiki kinaoza. Miaka mitano baadaye una kichwa kilekile juu ya bati, safari hii kimeshikiliwa na ngozi. Ndiyo maana mwenye nyumba akisisitiza kukata kichwa, mimi ni bora nikose kazi.

Badala yake tunafupisha. Tawi lenye unene wa sentimita 15 linarudishwa hadi kwenye tawi dogo la pembeni lenye angalau theluthi ya unene huo, yaani sentimita 5 au zaidi, linaloelekea mbali na paa. Tawi hilo dogo linapokea kazi ya ncha, na machipukizi yanakuwa machache. Nafasi ya mita 1.5 hadi 2 kati ya majani na bati inatosha. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani yote. Kwa mwembe mzee au ulioumia mizizi, punguza hata hapo. Kama robo haitoshi, kazi igawanywe miaka miwili.

Mkato wenyewe ni wa hatua tatu kwa kila tawi zito. Wa kwanza unaanzia chini ya tawi, sentimita 30 toka shinani, ukiingia robo hadi theluthi ya unene. Ukizidisha, uzito unaibana chenso. Wa pili unatokea juu, sentimita 5 hadi 10 nje zaidi ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke. Gome likichanika litaishia kwenye mkato wa kwanza, halitaburuza ngozi ya shina hadi chini. Wa tatu unaondoa kigutu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Kwenye kitako cha tawi kuna kivimbe chenye mikunjo. Kivimbe hicho ni cha shina, si cha tawi, na ndani yake mti unajenga ukuta wa kuzuia kuoza kusipite. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, ndiye aliyeonyesha jambo hili wazi katika miaka ya 1970 kwa kupasua mashina toka juu hadi chini: mti hauponi kama ngozi yetu, unafungia kidonda ndani na kuota mbao mpya juu yake. Kwa hiyo kata nje kidogo ya kivimbe. Usikiache kigutu kirefu, kitaoza na kuwa mlango. Wala usikate bapa na shina. Baada ya mwaka mkato utajisema wenyewe: pete mpya ikizunguka kidonda chote, ulikata sawa. Ikitokea pembeni tu, juu na chini pakibaki pakavu, ulikikata kivimbe.

Usipake oili chafu, lami wala rangi juu ya kidonda. Kuoza hakuzuiliki kwa hivyo, na oili inaua mbao hai za ukingoni. Chokaa iliyoyeyushwa kwa maji ina kazi nyingine: inapakwa kwenye gome la matawi yaliyokuwa kivulini na sasa yamefunguliwa jua, kwa sababu gome la mwembe huungua.

Wakati mzuri ni mara tu baada ya mavuno, Januari au Februari. Matawi mapya yanachipua na masika na kukomaa kabla ya maua ya katikati ya mwaka. Ukipogoa Juni unaondoa ncha zenyewe za kutoa maua.

Kabla ya kupanda, simama dakika kumi mchana uangalie kama nyuki wanaingia kwenye pango. Kama wapo, mfugaji nyuki awahamishe kwanza. Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, usiwapulizie dawa; wanaulinda mwembe dhidi ya wadudu waharibifu wa matunda. Panda alfajiri kukiwa na ubaridi, huwa wamepoa. Utomvu wa mwembe unachoma ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu na miwani.

Waya wa umeme ukiwa ndani ya mita 3 toka tawi lolote la kukatwa, kazi inasimama hadi TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wakate umeme au waje wenyewe. Waya za kilovolti 11 na 33 hazina ganda la kukinga, na tawi bichi linapitisha umeme.

Kamba ya kushushia matawi isiwe ile inayombeba mpandaji. Moja inasuguliwa na kuungua, nyingine ni roho ya mtu. Tawi lililo juu ya bati lifungwe kabla ya kuguswa, kamba izungushwe mara mbili au tatu kwenye shina ili mtu wa chini aweze kuishikilia. Chenso isitumike kwa mkono mmoja wala juu ya bega. Ikianza kutoa unga badala ya vipande, mnyororo umeisha makali, shuka uunoe.

Mwezi wa kwanza mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki kama mvua haijafika, ukimwaga chini ya ncha za matawi, si shinani. Mbolea acha. Masika ikiisha, rudi upunguze machipukizi kwa mkono yakiwa bado laini: bakiza moja au mawili yanayoelekea nje ya paa, mengine yote yang'oe.