Lori Linavuja Oili na Halipandi Mlima: Tafuta Presha Kabla ya Kubadilisha Sili

Mwezi uliopita liliingia gerejini kwetu hapa Nakuru lori la silinda sita lililotoka Kitale na magunia ya mahindi. Dereva alizima, akashuka, na kabla hata hatujasalimiana akanionyesha chini. Oili ilikuwa ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi. "Fundi, sili ya nyuma imekwisha tena. Na Timboroa nimepanda na gia ya pili, kila mtu ananipita."

Lililonishtua ni hilo neno "tena". Sili ile, duara la mpira linalozuia oili pale krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) inapotokeza nyuma ya injini, ilikuwa imebadilishwa mara mbili ndani ya miezi minne. Kila mara gia boksi ishushwe, klachi itolewe, lori lilale siku mbili bila kuingiza hata shilingi. Mwenye lori, mama anayefanya biashara ya nafaka, alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba safari hii anunue na tabo mpya, yaani turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini. Mambo kama haya huniuma, kwa sababu pesa ya tabo inaweza kumaliza faida ya msimu mzima.

Kuvuja oili na kukosa nguvu huandikwa kwenye karatasi ya gereji kama makosa mawili. Mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Injini ya dizeli, hata ikiwa mpya, hupitisha gesi kidogo ya mwako kando ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Gesi hiyo imewekewa mlango wa kutokea, nao ni britha. Mlango ukiziba, presha inapanda humo ndani na kutafuta pa kutokea penyewe: sili ya mbele, sili ya nyuma, gasketi ya kava ya tapeti (kifuniko cha juu cha injini), hata tundu la kijiti cha kupimia oili. Sili inaweza kuzuia oili inayorushwa na krankishafti. Oili inayosukumwa na presha haiwezi. Weka mpya leo, wiki ijayo inavuja.

Sasa tazama tabo. Oili huingia ndani yake kwa nguvu ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikiteremka kwenye paipu hadi sampu. Sampu ikiwa na presha, oili haiteremki vizuri. Inajaa ndani ya tabo, inapenya upande wa hewa, inafika kwenye intakula (kipoza hewa kati ya tabo na injini) na kulowesha paipu za mpira. Mpira uliolowa oili ya moto kwa wiki kadhaa hulegea. Lori likiwa tupu huwezi kuona kitu. Likibeba mzigo na tabo ikianza kusukuma kwelikweli, mpira unafunuka penye klipu, hewa inatoroka, moshi mweusi unajaa barabarani na nguvu zinakwenda.

Milima yetu haifichi kosa hili. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, Nakuru 1,850, na barabara ya Timboroa inapita mita 2,700. Kule juu presha ya hewa haifiki robo tatu ya ile ya Mombasa, kwa hiyo tabo ndiyo inayoibeba injini. Paipu inayovumilia tambarare ya Ahero itakuaibisha Timboroa.

Swali langu la kwanza kwa dereva lilikuwa: ukikanyaga mafuta mlimani, mshale wa mizunguko unapanda au hauendi? Ukipanda huku lori haliongezi mwendo, klachi inateleza, na huenda imelowa oili ya sili hiyohiyo ya nyuma. Hapo usihangaike na tabo. Yeye alisema mshale ulikuwa umelala, basi nikajua injini yenyewe haipati pumzi au haipati dizeli. Filta ya dizeli ilikuwa mpya na haina maji. Breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili kupunguza mwendo, nayo niliikagua, maana kile kibao chake kikikwama nusu, injini inakabwa koo na watu huilaumu pampu. Kilikuwa kinafunguka vizuri.

Ombi langu kwa madereva: msioshe injini kabla ya kuileta. Ule uchafu ni ushahidi. Nautazama kwanza, nanusa (oili ya gia ina harufu kali ambayo haifanani na ya injini), ndipo naosha, nakausha na kupaka poda ya mtoto sehemu ninazoshuku. Ukiliendesha dakika ishirini, oili inajichorea njia kwenye poda. Anza kutafuta juu, kwani oili huteremka na upepo huipeleka nyuma. Nimeshaona gasketi ya kava ya tapeti ikisingiziwa kuwa sili ya nyuma.

Kipimo kilichotoa jibu ni cha bei ya chai. Nilichukua paipu nyembamba inayoonyesha ndani, urefu wa mita mbili, nikaikunja kama herufi U, nikatia maji, kisha nikafunga ncha moja kwenye tundu la kijiti cha oili. Kila injini ina kiwango chake kwenye kitabu cha mtengenezaji, ila injini isiyo na kasoro husukuma maji kidogo tu. Hii iliyarusha nje kabla sijakanyaga mafuta hadi nusu.

Nikafungua britha. Paipu yake ilikuwa imebanwa chini ya kishikizo cha betri, na ndani mna tope jeusi zito kama lami. Tukaiosha kwa mafuta ya taa, tukaweka paipu mpya na kuipitisha pasipobanwa. Nilipopima tena, maji yalisogea upana wa vidole viwili.

Yangeendelea kuruka, ningekuwa na washukiwa watatu. Ringi na silinda, ndiyo. Tabo yenyewe, ikipitisha hewa kupitia paipu ya kuteremshia oili. Wa tatu husahaulika sana: kompresa ya breki za hewa. Inalainishwa na oili ya injini, na ringi zake zikichoka inapuliza hewa ndani ya sampu. Fungua vali za chini za matangi ya hewa. Ikitoka oili nyingi, anzia hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilishusha injini nzima nikabadilisha ringi, kumbe ni kompresa. Nilimrudishia mteja pesa ya kazi, na tangu hapo siifungui injini kabla ya kukagua kompresa.

Shafti ya tabo niliishika na kuitikisa, bapa halikugusa ukuta. Ilikuwa nzima. Paipu mbili za intakula zilikuwa zimelegea kama ulimi, tukazibadilisha. Intakula tuliishusha na kuimwaga oili yote, na hili msiliruke: injini ya dizeli ikivuta oili hiyo inaweza kukimbia yenyewe, na kuzima ufunguo hakusaidii. Ikitokea, ziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa, usitumie mkono.

"Na sili?" Mama akauliza. "Nimeilipia mara mbili."

"Mama, tuiache kwanza. Iende Kitale na kurudi."

Lilirudi baada ya siku tisa, dereva akiwa amepanda Timboroa na gia ya nne. Nilipitisha kitambaa cheupe chini ya nyumba ya flaiwili, pale injini inapoungana na gia boksi, kikatoka na vumbi tu. Kulikuwa na unyevu kidogo kwenye kava ya tapeti, gasketi iliyokauka, tukaibadilisha kabla ya chakula cha mchana.